Roma na watoto: punguza mji, ongeza viunga

Roma haimalizwi, na ukiwa na familia usijaribu kuimaliza. Nimezunguka huko na watu wa rika zote, kuanzia mtoto wa kubebwa hadi bibi anayelalamikia magoti, na mpango ulioleta raha ni mmoja: jambo kubwa moja kila asubuhi, jioni ya kutembea polepole, na angalau siku moja nzima nje ya mji.

Kama mnahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hiyo ndiyo ya kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja aandaliwe mapema idhini ya maandishi ya mzazi wa pili, maana karatasi hiyo peke yake inaweza kukwamisha wote. Kuhusu majira, Aprili, Mei na Oktoba ni miezi mizuri. Julai na Agosti jua la mchana juu ya mawe yale ni adhabu kwa mtoto.

Tiketi ya Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho wa Warumi wa kale, huwa na saa maalumu, nanyi chukueni ya mapema kabisa. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, lakini nao lazima wawe na tiketi zao. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wasimulieni watoto: Kaisari Vespasian aliuanza ujenzi, mwanawe Titus akaufungua mwaka 80, sakafu ilikuwa ya mbao, na chini yake kulikuwa na vyumba ambamo wanyama walipandishwa kwa kamba na magurudumu, wakaibuka ghafla mbele ya watazamaji. Mtoto aliyesikia hayo akifika hahitaji kubembelezwa. Atayatafuta mashimo mwenyewe. Tiketi hiyohiyo inaingiza Forum, magofu ya kitovu cha Roma ya kale, ila kwa wadogo pale ni nguzo na vifusi tu, piteni upesi.

Pantheon, hekalu la kale la Kirumi, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa familia, kwa sababu nusu saa inatosha na kila mtu anatoka ameshangaa. Kuba lake la zege lisilo na nondo lina kipenyo cha mita 43, na hadi leo hakuna kubwa zaidi la aina hiyo duniani. Katikati yake kuna tundu la upana wa karibu mita 9 lisilo na kioo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani na kutokea kwenye vitobo vya sakafuni. Waambieni watoto wavitafute.

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili. Jumapili ya mwisho wa mwezi hufunguliwa bure, na kwa sababu hiyohiyo mimi singepeleka watoto siku hiyo. Kwa Kanisa la Mtakatifu Petro, mabega na magoti yafunikwe, hivyo mtandio mwepesi ukae mkobani. Chupa za maji nazo msiziache: mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririsha maji safi ya kunywa, bure.

Sasa viunga. Wengi hukimbilia Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, lakini iko zaidi ya kilomita 200, na siku yote huishia njiani. Nendeni Ostia Antica. Treni hutoka kituo cha Porta San Paolo, kando ya metro ya Piramide, na safari ni kama nusu saa. Huu ulikuwa mji wa bandari wa Roma mdomoni mwa Mto Tiber. Mchanga wa mto ukaisukuma bahari mbali, na mji ukaachwa. Hapa watoto wanaona maisha ya kawaida: mawe ya kusagia ya waoka mikate, mgahawa wenye kaunta ya marumaru na picha za vyakula ukutani, na choo cha umma chenye viti vilivyopangwa safu bila kizuizi chochote. Hicho watakizungumzia hadi usiku. Nyuma ya ukumbi wa maonyesho kuna uwanja wa wafanyabiashara, ambapo sakafu zimenakshiwa kwa vijiwe: meli, samaki, na tembo wa wafanyabiashara wa Sabratha, mji ulio Libya ya leo. Msiende Jumatatu, hufungwa.

Mkiwa na siku nyingine, Tivoli, mji mdogo karibu na Roma, ina bustani ya Villa d'Este ya karne ya 16, yenye chemchemi zinazoruka kwa mteremko wa maji bila pampu. Ngazi ni nyingi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aulizwe kwanza.

Malazi tafuteni karibu na metro ya mstari B, maana Colosseum na Piramide zote ziko juu yake. Kigari cha mtoto kiwe na magurudumu makubwa, barabara nyingi za katikati ni za mawe. Na mkitua uwanja wa Fiumicino, teksi rasmi nyeupe zina nauli maalumu hadi ndani ya kuta za kale za mji. Nauli hiyo ni ya gari zima pamoja na mizigo, basi ipigieni hesabu kabla ya kununua tiketi za treni za kila kichwa.