Siku za Seva Bila Kuzimwa Zinapima Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunasimamia seva za kampuni tofauti, na kila tukikutana hatukosi kutambiana kwa idadi ya siku ambazo seva zetu zimekaa bila kuzimwa. Mwenye FreeBSD amepita siku elfu moja, wa Linux ana mia sita na ushei, nami wa Windows Server sijawahi kuvuka arobaini. Je, huo si ushahidi kwamba mfumo endeshi wangu ni dhaifu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Namba mnayotambiana inaonyesha tu muda uliopita tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho, wala haielezi ni nani au nini kilichoizima kabla ya hapo. Tangu Oktoba 2003, Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, na mengi kati ya hayo hayakamiliki mpaka mashine iwashwe upya. Kwa hiyo, ikiwa hiyo ndiyo sababu ya wewe kutofika siku arobaini, basi unafanya kazi yako ipasavyo. Katika Linux, programu nyingi husasishwa na kuanzishwa upya moja moja huku keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiendelea, na tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015 keneli yenyewe ina njia ya kuzibwa baadhi ya matundu ya usalama huku ikiendelea kufanya kazi. Mwenye siku elfu moja ndiye anayestahili kuulizwa maswali, kwa kuwa keneli ya FreeBSD nayo hutolewa marekebisho ya usalama mara kwa mara.

Ubaya wa kujivunia siku nyingi ulidhihirika Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani kuanzia tarehe 12. Sasisho la kuziba tundu la Windows kilimopitia lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, siku 59 kabla, lakini mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa zilibaki wazi.

Hata kaunta zenyewe zinazohesabu siku hizo haziaminiki sana zikilinganishwa mfumo kwa mfumo. Keneli za zamani za Linux kwenye mashine za biti 32 zilihesabu mapigo 100 kwa sekunde, na kaunta ilijaa na kurudi sifuri baada ya siku 497, ingawa mashine haikuzimwa. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde, zikafikia kikomo baada ya siku 49.7, na hapo mashine iliweza kuganda kabisa (sijui ni wangapi waliowahi kufika huko). Ushindani wa enzi hizo, kwa maoni yangu, ulikuwa batili tangu mwanzo.

Kama mnataka kulinganisha kwa haki, pimeni upatikanaji wa huduma kwa mtumiaji. Wekeni mashine nyingine, nje ya mtandao wa kampuni, iulize seva kila dakika kama inajibu, kisha rekodini dakika ambazo haikujibu, mkitofautisha zilizopangwa na za dharura. Upatikanaji wa asilimia 99.9 unaruhusu karibu saa 9 za kukosekana kwa mwaka, na 99.99 unaruhusu dakika 52 hivi. Palipo na seva mbili zinazopokezana, kila moja inaweza kuwashwa upya kila mwezi bila mteja kuona huduma imekatika.