Kwa Anayeanza Kyudo: Mifupa Kwanza, Shabaha Baadaye

Wengi wanaoanza kyudo, upigaji upinde wa Kijapani, huja na picha moja kichwani: mtu ametulia kabisa, hawazi chochote, mshale unaondoka wenyewe. Aliyeieneza zaidi picha hiyo ni Eugen Herrigel, Mjerumani aliyefundisha falsafa mjini Sendai kuanzia 1924 hadi 1929. Huko alijifunza upinde kwa Awa Kenzo, na mwaka 1948 akachapisha kitabu chembamba kuhusu upinde na Zen, tawi la Ubuddha linalotilia mkazo kutafakari, kilichosomwa karibu dunia nzima. Kisome ukipenda, ila ujue kwamba Awa alikuwa na mafundisho yake mwenyewe, aliyoyaita Daishadokyo, na kwamba mizizi ya kyudo ni mikubwa kuliko Zen. Anayengoja mshale uondoke wenyewe ilhali hajui kusimama, upote, yaani kamba ya upinde, utamchapa shavu hadi achoke.

Upinde huu ulitoka vitani. Shule ya Heki, inayohusishwa na Heki Danjo Masatsugu wa karne ya 15, ilifundisha askari wa miguu kupiga kwa nguvu na kwa uhakika. Ukoo wa Ogasawara ulishika upande wa farasi na wa adabu. Bunduki zilipofika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, upinde ukaanza kupoteza kazi yake vitani, lakini haukutupwa. Kule Kyoto, kwenye baraza la hekalu la Sanjusangendo lenye urefu wa mita 120 hivi, samurai walishindana nani atapitisha mishale mingi zaidi toka mwanzo hadi mwisho bila kugusa paa wala nguzo. Mwaka 1686 Wasa Daihachiro alipiga mishale 13,053, na 8,133 ikapita. Idadi kama hiyo haifikiwi kwa misuli peke yake, maana misuli huchoka mapema. Hufikiwa na mtu aliyejua kubeba uzito wa upinde kwa mifupa.

Shika hilo neno, mifupa. Katika dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, utakuta maandiko mawili ambayo wanafunzi huyasoma pamoja kabla ya mazoezi. Moja ni la mpiga upinde wa zamani, Yoshimi Junsei, nalo huanza kwa kusema kwamba jambo kuu si kupiga upinde bali kupiga kwa mifupa. La pili limetoka katika kitabu cha kale cha Kichina cha taratibu na adabu, na linasema kwamba ukikosa shabaha usimchukie aliyekushinda. Rudi ujitafute ndani yako. Falsafa ya kyudo imo humo karibu yote, na utaona kuwa ni maelekezo ya kazi. La kwanza linakuambia nguvu itoke wapi, la pili linakuambia kosa ulitafute wapi.

Sasa tuje kwenye mwili. Kila mshale hupita hatua nane: kuweka miguu, kusimamisha kiwiliwili, kushika, kuinua, kuvuta, kutulia ukiwa umevuta kikamilifu, kuachia, na kubaki. Miguu inaonekana rahisi, kwa hiyo huharakishwa. Tanua miguu mpaka umbali kati ya ncha za vidole gumba vyake ukaribie nusu ya urefu wako, pembe kati ya nyayo iwe nyuzi 60, na mstari unaounganisha ncha hizo uelekee katikati ya shabaha. Mishale yako yote ikienda upande mmoja, tazama miguu kabla ya kulaumu mkono. Miguu ikibanana, utayumba wakati wa kuachia.

Mkono wa kushoto ndipo kazi ngumu ilipo, na hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Upinde haushikwi kama panga. Kona yake ya nje hukaa kwenye mstari wa kiganja, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada hubanwa na mpini, kidole cha mwisho husogezwa karibu na gumba, na ncha za vidole vitatu vya chini hupangwa sawasawa. Cha shahada hakina kazi. Ukishika hivyo, mshale ukiondoka upinde huzunguka wenyewe mkononi na upote huishia upande wa nje wa mkono. Ukikamata kwa ngumi, hauzunguki. Mshale, kwa kuwa hukaa upande wa kulia wa upinde, husukumwa kulia, na upote huchapa mkono. Ukiona michubuko hapo, angalia pia kiwiko cha kushoto: huenda hukukizungusha.

Mkono wa kulia huvaa glavu ya ngozi ya paa yenye gumba gumu, na upote huingia kwenye mfuo mdogo ulio chini ya gumba hilo. Mshale ukidondoka unapovuta, mara nyingi ni kwa sababu kiganja hakikupinda kidogo kwa ndani, au kidole kinaubana mshale. Ukidondoka, shusha upinde taratibu. Kamwe usiachie upote bila mshale. Upinde unaweza kuvunjika na kukuumiza.

Ukishavuta, mshale huwa kwenye shavu, usawa wa kati ya pua na mdomo, na upote uko nyuma ya sikio. Tulia hapo sekunde tano hivi huku ukiendelea kutanuka kutoka kifuani kwenda pande zote mbili. Huko si kusubiri. Mwili ukikoma kutanuka, mkono wa kulia hurudi mbele kidogo na mshale huanguka chini ya shabaha. Hapa pia ndipo ugonjwa unaoitwa hayake huzaliwa: mtu huachia kabla hajafika, hata asipotaka. Chanzo chake ni upinde mzito mno, au jicho lililonata kwenye shabaha. Ukiona dalili, rudi kwenye robota la majani lililo umbali wa mita mbili hivi, ukiwa na upinde mwepesi zaidi, mpaka utulivu urudi. Wanaojikaza kuendelea na shabaha ya mita 28 huishi na ugonjwa huo kwa miaka. Hata baada ya mshale kufika, simama ulivyo, mikono imetanuka, macho mbele. Mkao huo unaonyesha kosa lako waziwazi, na anayeshusha mikono haraka anaufuta ushahidi kabla hajausoma.

Kuhusu vifaa, usikimbilie kununua upinde. Wa kawaida una urefu wa sentimita 221. Ukizidi mita 1.7, omba wa 227. Nguvu ya kuanzia ni kilo 8 hadi 12, kadiri ya mwili wako. Mshale upimwe toka katikati ya koo hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto ulionyooshwa, kisha uongezwe angalau sentimita 10 kwa anayeanza. Mshale mfupi unaweza kuvutwa hadi ncha yake ikaingia nyuma ya upinde, na ukiachiwa hapo huchoma mkono wa kushoto. Kitu cha kwanza kununua ni glavu, kwa kuwa hukaa kwa umbo la mkono wako na hairithiwi vizuri. Vua hereni na mkufu kabla ya kuvuta. Na unapokwenda kuokota mishale, piga makofi, subiri bendera nyekundu ionyeshwe, hakikisha hakuna aliyeinua upinde, ndipo uingie uwanjani.