Barua imesema hijabu hairuhusiwi: niliyoyapitia bweni, na nilivyoona yakitatuliwa

Dadangu, nimesoma swali lako jana usiku na usingizi ukaniruka. Umesema binti ameitwa gredi ya 10 shule ya bweni huko bara, maksi amezipata, shule ndio ile alochagua mwenyewe, afu kwa ile karatasi ya yunifomu wameandika kitambaa chochote cha kichwa hakiruhusiwi, sasa babake anasema haendi na mtoto analia anataka kwenda. Unauliza umwambie avue ama umwambie abaki nyumbani. Kabla hujashika lolote katika hayo mawili naomba unisikize manake mi nimekuwa yule mtoto wa kuvuliwa, na miaka mingi baadae nikawa mzazi ndani ya bodi ya shule nikaona namna jambo hili linavyotatuliwa watu wakikaa kitako.

Mi niliitwa form one mwaka 2003. Tulitoka Mombasa na basi la usiku, mi na mamangu, sanduku la bati, godoro limefungwa kamba. Kufika, ukaguzi unafanyiwa nje kwa nyasi, unafungua sanduku mwalimu anatoa kitu kimoja kimoja. Nyanyangu alikuwa amenishonea mitandio mitatu myeupe, pindo zote kazipiga kwa mkono, na alikuwa ashaanza kuwa na ukungu wa macho kwa hio ukiangalia vizuri unaona zile nyuzi zinakwenda upande. Yule mwalimu akaitoa akaitupa kwa fungu la vitu vilivyokatazwa, pamoja na mafuta ya nywele na biskuti za watu, afu akanyosha kidole kwa ule niliokuwa nimejifunga. Akasema hapa wote ni sawa. Mamangu alisimama pale na mkoba wake hana la kusema, amesafiri usiku kucha na karo yote ashalipa benki. Nikavua.

Watu huongea jambo hili kama ni kitambaa tu, wanasema si atavaa akirudi likizo. Tangu nivunje ungo hakuna mwanamume asiyekuwa wa nyumbani aliyekuwa ameona nywele zangu, na Jumatatu ile nikasimama paredi kichwa wazi mbele ya walimu, wapishi, askari wa geti, baridi inanipiga masikio ambayo hayajawahi kupigwa na upepo. Nikajifunza kutembea nimeinamisha shingo. Nikaacha kunyosha mkono darasani, si kwamba sijui jibu, ni kwamba ukinyosha mkono darasa lote linageuka kukutazama. Ripoti yangu ya mhula wa kwanza mwalimu wa darasa aliandika mtoto ni mkimya mno ashirikishwe. Nyumbani nlikuwa wa kunyamazishwa.

Sasa hapa ndio nataka wale wanaosema kwa huu uzi eti ni vita vya Waislamu na Wakristo wasome pole pole. Kitanda changu kilikuwa cha deka, mi chini, na juu yangu alilala msichana Mkorino kutoka Nyandarua. Wakorino mnawajua, ni Wakristo na kilemba cheupe kwao hakitoki kichwani tangu utotoni. Naye alivuliwa siku ile ile, fungu lile lile. Usiku taa zikizimwa mi nlikuwa najifunga foronya ya mto nasimama kwa ile nafasi kati ya vitanda naswali isha, na yeye juu nasikia kitambaa kinapita, anajizungushia kilemba gizani kwa kupapasa, anapiga magoti kwa godoro anaomba. Hatukuwa tumeongea. Wiki ya pili ama ya tatu kiranja akapita na tochi, yule msichana akateremsha blanketi lake likaning'inia mbele yangu kama pazia ili mi nisionekane nikimaliza rakaa. Tukawa marafiki kuanzia hapo hadi leo. Kengele ya saa kumi na moja alfajiri ikilia tulikuwa tunafungua pamoja, mimi foronya yeye kilemba, tunakunja tunaweka chini ya godoro tunatoka vichwa wazi kwenda kuwa sawa na wenzetu.

Na Jumapili sote chapeli, lazima, jina linaitwa.

Wakati wa kufunga shule basi likisimama Mtito Andei, njiani kurudi Mombasa, mngeona foleni ya choo cha wanawake. Wasichana wa Pwani kutoka shule za bara, tunaingia na sketi tunatoka na buibui, mmoja anamshikia mwenzake mkoba. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Mama yangu hakuwahi kujua kwamba mi huvaa Mtito, alijua navaa kila siku, manake nlimdanganya mhula wa pili kwamba walibadilisha wakaruhusu. Nilimdanganya miaka minne. Hilo peke yake bado linaniuma kuliko yote.

Tuje kwa sheria manake umeuliza na kuna watu hapo juu wamekuchanganya. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini na kuidhihirisha, na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi na kimetaja dini na mavazi kwa majina. Sasa mahakamani mambo yameenda yakirudi. 2012 Mahakama Kuu ilikuwa upande wa shule kwenye kesi ya msichana aliyetaka hijabu shule moja ya Nairobi. Afu ikaja ile kesi kubwa ya Isiolo, St. Paul's Kiwanjani, shule ya serikali ambayo mfadhili wake ni kanisa la Methodist, wasichana wa Kiislamu walitaka kuongeza hijabu na suruali nyeupe juu ya yunifomu, sio kuondoa yunifomu, kuongeza. 2015 Mahakama Kuu ikakataa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza ikasema waruhusiwe, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba sheria moja kwa wote inaweza kumbagua mtu hata kama haijamtaja. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, na hapa ndio watu wanapotosha: haikusema hijabu haramu shuleni. Wengi wa majaji walisema ombi la mzazi mmoja aliyejiunga na kesi kudai hijabu halikuingizwa mahakamani kwa utaratibu unaofaa, jaji mmoja akapingana na wenzake, na wakarudisha neno kwa bodi za shule kwamba zikae zitengeneze utaratibu wa kuwasikiza watoto wenye mahitaji ya dini. Kwa hio mwalimu mkuu akikwambia mahakama ilikataza, mwambie kwa adabu mahakama ilikwambia wewe na bodi yako mkae.

Mwaka huo huo wa 2019 kuna msichana wa form one Kibera alifukuzwa kwa sababu ya rasta, na Septemba Mahakama Kuu ikasema Urastafari ni dini na shule ilikosea. Na Wasabato 2017 walishinda rufaa yao kuhusu masomo ya Jumamosi. Ndio nasema hili si letu peke yetu.

Pia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya malezi ya kiroho shuleni lakini hapo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Hio sehemu ya pili husahaulika sana.

Sasa upande wa pili wa meza. Baada ya ile hukumu ya rufaa shule ya kutwa hapa kwetu ambayo mwanangu alikuwa akisoma, mfadhili wake kanisa, watoto Waislamu wanakaribia nusu, wazazi walianza kupiga kelele na mi nikawa mwakilishi wa wazazi kwa bodi. Nliingia kile kikao nimefura, wallahi nlikuwa nimebeba ile mitandio mitatu ya nyanya kifuani. Naibu mwalimu mkuu, mama mmoja Mkristo mtu wa nidhamu kweli kweli, akatoa malalamiko yake na nikashangaa kwamba hakuna hata moja lililohusu dini. La kwanza, hijabu inafunika beji na tai kwa hio getini hamjui mtoto ni wa shule gani wala darasa gani. La pili, pini. Maabara kuna moto, kitambaa kinaning'inia, pini zinaanguka. La tatu, leo atakuja na nyeupe, kesho ya shanga, kesho kutwa wale wenye pesa wanashindana na wale hawana, na yunifomu iliwekwa ili hilo lisiwepo.

Hilo la tatu nakubaliana nalo hadi leo. Mi si mtu wa kusema shule zisiwe na sheria za mavazi, yunifomu imemstiri mtoto wa maskini pakubwa, na binafsi naona shule ina haki ya kutaka uso uonekane na kukataa mapambo. Lakini angalieni vile tulivyomaliza. Rangi ni ile ya sweta, basi, hakuna nyingine. Kitambaa ni kile cha yunifomu, kisichong'aa. Urefu hadi kifuani, kisipite kiwiko. Beji inashonwa kwenye hijabu yenyewe upande wa kushoto. Na pini ikaondolewa kabisa, ile ya kuvaa kwa kichwa imeshonwa tayari na lastiki chini ya kidevu, maabara inaingizwa ndani ya sweta. La lastiki alilitoa yule yule naibu, alitoka ofisini akarudi na kipande cha lastiki cha sketi akakipima kwa kidevu changu mbele ya bodi nzima. Nlilia pale, sijui wengine walielewa nini.

Ilichukua vikao viwili. Mhula uliofuata akaja mzazi wa kijana Mkorino na ombi la kilemba cheupe, likapita siku hio hio. Mzazi mmoja akauliza kwani wanetu nao watapewa nini, mwenyekiti akamwuliza mwanako dini yake inamtaka nini ambacho tumemnyima, akafikiria akasema hakuna, akakaa.

Kwa hio dadangu, usimwambie mtoto avue na usimwambie abaki. Msimpe yeye mzigo wa kuchagua, huo ni wenu wakubwa. Andika barua kwa mwalimu mkuu kabla ya siku ya kuripoti, upeleke nakala kwa mwenyekiti wa bodi, na babake aitie sahihi pia ili ajue hili limeshikwa. Usianze na kesi wala katiba, anza kwa kusema mtoto atavaa yunifomu yao yote kama ilivyo na mnaomba kuongeza hijabu ya rangi yao, na uwaeleze beji itakaa wapi na kwamba hakuna pini. Tuma picha ya ile iliyoshonwa. Wakikataa waombe wakuandikie sababu, manake ukiwa na sababu kwa maandishi unaweza kwenda ofisi ya elimu ya kaunti, na ikifika huko ndio utoe vifungu. Umtafute pia mzazi mwenzio ambaye mwanawe yuko shule hio tayari, hata mmoja. Na ikishindikana kabisa, omba uhamisho mapema, usimwache aingie akajifunze kukudanganya kama mi nilivyomdanganya mamangu.

Binti naye mkalishe chini umuulize yeye mwenyewe anataka nini, sijaona popote umesema mlimuuliza.

Ukipata jibu zuri niandikie inbox unitajie rangi ya sweta. Fundi aliyetushonea bado yuko Majengo, kitambaa anakijua. Mshonee tatu, moja itaibwa kwa kamba ya nguo, na upindo umwachie nyanyake apige kama bado macho yanamruhusu.