Ukienda Salvador, Jumanne Isikupite

Kama safari yako ya Brazili ina siku mbili tatu tu za Salvador, zipange ili mojawapo iwe Jumanne. Wengi hufika mwisho wa wiki, wakaogelea ufukwe wa Barra, wakapiga picha Pelourinho, mtaa wa kale wenye nyumba za rangirangi, kisha wakaondoka kabla ya jambo lililonigusa kuliko yote mjini humo.

Jumanne saa kumi na mbili jioni kuna misa katika kanisa la Nossa Senhora do Rosário dos Pretos, lile la buluu kwenye mteremko wa Pelourinho. Walilijenga watu weusi, watumwa na walio huru, kuanzia mwaka 1704, kwa saa walizobakiwa nazo baada ya kazi za mabwana. Ndani hupigwa ngoma. Waumini huimba huku wakicheza, wengi wamevaa nyeupe, na vikapu vya mikate hupitishwa vikiwa vimeinuliwa juu ya vichwa. Wahi mapema upate kiti, vaa kwa heshima, na simu ikae mfukoni: watu wanasali. Mchana rudi tena uone makaburi ya watumwa nyuma ya kanisa. Hatua chache kutoka hapo watumwa walikuwa wakichapwa mijeledi hadharani, na ukishajua hilo, zile nyumba za rangirangi huziangalii tena vilevile.

Wareno waliuanzisha mji huu mwaka 1549, ukawa makao makuu ya koloni lao hadi 1763. Msomaji Mwislamu, shuka pia Ladeira da Praça, karibu na Elevador Lacerda, lifti inayounganisha mji wa juu kilimani na mji wa chini pwani. Huko ndiko yalikoanzia maasi ya Malê ya Januari 1835, katika mwezi wa Ramadhani. Waislamu wa Kiafrika, wengi wao Wayoruba na Wahausa, waliwainukia mabwana zao. Baadhi yao walikutwa na hirizi zenye maandishi ya Kiarabu. Mimi nilisimama pale nikawasomea Fatiha.

Lala Santo Antônio Além do Carmo, si ufukweni. Ni mtaa mtulivu, na Pelourinho unafika kwa miguu. Barabara ni za mawe, kwa hiyo viatu viwe vya soli nzuri. Kwenda mji wa chini panda lifti ya Lacerda. Ile miteremko inayounganisha juu na chini usiitembee peke yako, hasa usiku. Kanisa la São Francisco, lile lililonakshiwa dhahabu, sehemu ya dari yake iliporomoka Februari 2025 na kuua mtu, hivyo ulizia kwanza kama limefunguliwa.

Na chakula, kula acarajé. Ni kama bajia zetu za kunde, ila kubwa, na hukaangwa kwa mawese mpaka ganda linakuwa jekundu na kavu. Mama muuzaji, aliyevaa gauni pana jeupe na kilemba, huipasua, akajaza vatapá, ambao ni uji mzito wa kamba, tui na karanga, kisha caruru ya bamia na kamba wakavu juu. Atakuuliza kama unataka pilipili. Mara ya kwanza mwambie kidogo. Kazi hii ya akina mama imesajiliwa na serikali kuwa urithi wa taifa tangu 2005. Usibishane nao bei, na chukua noti ndogondogo.