Muulize Shangazi: Nimewekwa safu ya sita kwa sababu ya mwili wangu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nina duka la vipodozi hapa Mwanjelwa. Binamu yangu alituchangisha watu 22, wengine wa kwaya, wengine marafiki wa mtaani, tukachongewa boti refu la mbao kule Kyela kwa mfano wa yale ya joka ya Wachina, yenye ngoma mbele. Kila baada ya wiki mbili tunateremka Matema na kosta kufanya mazoezi. Mimi nina kilo 88. Wasichana wembamba wamewekwa mbele, ndio wanaopigwa picha, na mmoja ambaye hata kafi hajui kulishika kapewa ngoma. Mimi nimesukumiwa katikati, safu ya sita. Binamu akasema mbele ya watu, "Wewe huko ndiko kwako, wewe ni injini." Watu wakacheka. Isitoshe, kila tukikolea kafi langu linagonga la kijana aliye mbele yangu, mvuvi wa hukohuko Matema, mwenye nguvu kweli, na lawama zote zinakuja kwangu. Tena sijui kuogelea. Niache?
Injini, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikacheka kidogo, unisamehe, maana safu ya sita naijua. Nilipokuwa nasoma Wuhan, Uchina, wanafunzi wageni tulikuwa na timu yetu ya mchezo huu, na misimu miwili nzima nilikaa hapohapo ulipowekwa wewe. Nilikuwa na miaka 34 na mwili wa mama wa watoto wawili. Na mimi nilinuna.

Kwanza hilo la injini. Binamu yako hakulitunga. Duniani kote wenye mchezo wao huziita safu za kati chumba cha injini. Boti kamili lina safu kumi, watu wawiliwawili, wapiga kafi 20, kisha mpiga ngoma mbele na mshika usukani nyuma. Hao ndio 22 wenu. Boti ni jembamba ncha zote mbili na pana katikati, kwa hiyo uzito hukaa panapoubeba. Ukiwaweka wazito mbele, pua inazama na boti linalima maji badala ya kuteleza. Wale wembamba wa safu ya kwanza hawakuwekwa pale kwa ajili ya picha. Kazi yao ni kuweka mwendo, na wote nyuma yao wanawafuata.

Na huyo wa ngoma usimwonee wivu hata kidogo. Hapigi kafi hata moja toka mwanzo hadi mwisho, ni mzigo mnaoubeba ninyi ishirini, ndiyo maana hutafutwa mwepesi kuliko wote. Watu wa pembeni hudhani ngoma ndiyo inayoongoza. Si hivyo. Ngoma inafuata makafi ya safu ya kwanza na kuwapelekea wa nyuma habari. Wewe ukitaka kwenda sawa tumia macho kuliko masikio: kama unapiga kulia, mwangalie wa safu ya kwanza upande wa kushoto. Ukitazama maji umekwisha.

Kosa la binamu ni kuyasema ya mwili wako hadharani. Mwite pembeni umwambie. Usimwambie ndani ya kosta, mtaharibu safari ya watu wengine ishirini.

Sasa tuje kwenye kugongana, maana hapo nadhani umeonewa. Kafi lako likigonga la aliye mbele yako, sababu ni mbili: ama wewe umewahi, ama yeye amechelewa kulitoa lake majini. Umeniambia huyo kijana ni mvuvi. Mvuvi wa Nyasa amezoea mtumbwi, yuko peke yake au na mwenzake, anavuta kafi mpaka nyuma kabisa kwa sababu kafi hilohilo ndilo usukani wake. Mtumbwi ukienda kombo anabadili upande. Katika boti la joka hakuna hayo. Unakaa upande mmoja, usukani una mwenyewe, na kafi linatoka majini likifika usawa wa nyonga. Likipita nyonga halisukumi boti tena, linanyanyua maji tu, na linamngoja wa nyuma agongane nalo. Jumamosi ijayo usibishane. Mwombe mshika usukani, ambaye amesimama na anaona migongo yote, aangalie kijana huyo anatoa kafi wapi. Nguvu anayo, hilo halina ubishi, ila mkono wake bado uko kwenye mtumbwi wa baba yake.

Lakini sitakudanganya kwamba wa safu ya sita hakosei. Siku moja tulishindana mita 500 kwenye ziwa la Donghu, hapohapo Wuhan. Mvua ya manyunyu, joto la Juni, na Wachina kando ya ziwa wanapiga kelele "Jiayou! Jiayou!", maana yake "tia mafuta!" Mimi nikatia mafuta. Nikaona wenzangu wanachelewa, nikaanza kuharakisha, na kabla hatujafika nusu upande wote wa kulia makafi yanagongana kama vijiko ndani ya beseni. Tulikuwa timu nne, tukawa wa nne. Mkubwa wetu hakunifokea. Zoezi lililofuata aliniketisha ukingoni, mikono mapajani, nitazame tu. Na kule ukingoni nikaona: kumi na nane wanaingiza kafi pamoja, maji yanatulia, na mmoja wa safu ya nane analipiga lake nusu sekunde kabla yao. Alikuwa anarusha povu jeupe peke yake, na kila aliporusha boti lilishtuka. Yule alikuwa ananiigiza mimi bila kujua. Mwombe binamu yako akuketishe nje mara moja hivi, wewe na yule kijana pamoja.

Mazoezi mengine mnaweza kuyafanya Mbeya bila kuchoma nauli. Panga mabenchi kama safu, shikeni mifagio, mkono wa nje chini na wa ndani juu kabisa, jifunzeni kuinama mbele kwa kiuno na kuvuta kwa mgongo. Wanaovuta kwa mikono huwa hoi mapema. Majirani watawacheka. Sisi tulichekwa na wapishi wa bweni zima.

Kuhusu kuogelea sina mzaha. Usiache timu, ila usipande boti bila jaketi okozi lililofungwa kamba zote, na tafuta wa kukufundisha kuogelea kabla ya msimu kwisha. Timu nzima ipinduke siku moja kwa makusudi, maji ya kiunoni, ili mjue la kufanya: boti la mbao halizami, kwa hiyo mnalishikilia wala hamliachi, kila mtu anamtafuta wa kando yake, kisha mnahesabiana toka safu ya kwanza mpaka ya kumi. Waulizeni wavuvi kuhusu mwera. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo huo unavuma kutoka kusini, na Matema iko kichwani mwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mawimbi yanakuja yakiwa yamekua njiani. Tokeni asubuhi, mkiona maji yameanza kuvimba rudini. Kaeni mbali na mdomo wa Mto Lufilyo, mamba hawajui kwamba mko mazoezini. Na ziwa lina kichocho, mkapime na kupata dawa hospitali, msisubiri kukojoa damu.

SWALI: Bwana asifiwe, Shangazi. Mimi ni mzee wa kanisa, Tukuyu. Vijana wa kwaya wamejiunga na mchezo wa boti na wameleta picha ya kichwa cha joka wanachotaka kukichonga. Ufunuo 12 inatuambia joka ni nani. Tufanyeje?
Mzee wa Tukuyu

JIBU: Amina, Baba. Joka la Ufunuo lina vichwa saba na pembe kumi, hili la boti lina kichwa kimoja. Natania kidogo, usikasirike. Kwa Wachina joka ni mwenye maji na mvua, wala si adui. Mchezo wenyewe wanausimulia kwa habari ya Qu Yuan, mshairi na mshauri wa mfalme zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliyejitosa mtoni baada ya nchi yake kushindwa vitani. Watu wakatoka na maboti kumtafuta, wakapiga ngoma na kutupa wali majini ili samaki wasiuguse mwili. Mpaka leo siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao wanakula mchele wa kunata uliofungwa kwenye majani. (Niliula. Mtoto wa Kyela ukimpa mchele usionukia anakushukuru tu kwa adabu.)

La msingi ni hili: kichwa na mkia huvalishwa siku ya mashindano na sherehe, na mazoezini huondolewa. Boti haliendi kasi zaidi kwa sababu ya kichwa. Waambie vijana wachonge kichwa cha mbasa, samaki wetu anayepanda mito kwenda kutaga, naye ni mwogeleaji hodari. Wakigoma, waombe walau wasikilete kanisani.

SWALI: Shangazi, nina miaka 47, nilipasuliwa titi kwa saratani miaka mitatu iliyopita na tezi za kwapani zikatolewa. Dada yangu ananivuta nijiunge na timu ya boti. Nimeshaambiwa na wengi nisibebe hata ndoo kwa mkono huo utavimba. Nifanyeje?
Mama wa Makambako

JIBU: Pole mwenzangu, na hongera kwa kufika hapa. Hayo uliyoambiwa, madaktari wengi nao waliyaamini zamani. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo aitwaye Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti, akawafanyisha mazoezi taratibu, kisha akawapandisha boti la joka, kwa sababu ni kazi ya mikono na kifua inayorudiwarudiwa, ileile waliyokatazwa. Msimu ukaisha bila hata mmoja kupata uvimbe mpya wa mkono. Kutokana na hao 24 zimezaliwa timu za wanawake kama wewe nchi nyingi.

Ila hao walianza na miezi ya mazoezi ya viungo chini ya uangalizi, hawakukurupuka tu. Nenda kwa daktari aliyekutibu, mweleze kwa mdomo wako kazi yenyewe ilivyo, apime mzunguko wa mikono yote miwili na kuandika, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Kama mkono umeshawahi kuvimba, mwambie hilo mapema. Akikuruhusu, anza kidogo, na mkono ukihisi uzito au pete ikianza kubana, simama siku hiyohiyo urudi kwake. Jaketi okozi lijaribu ukiwa ufukweni, ukiwa umeinama kama unapiga kafi. Lisibane kwapani upande uliopasuliwa.