Kifua, Kikohozi na Dawa za Miti: Majibu kwa Wasomaji

Mjukuu wangu ana miezi 8. Anakohoa siku ya nne sasa na pumzi zinamwenda mbio. Kwetu mtoto wa kifua hupakwa mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), hurambishwa asali na ndimu, na hutiwa samli puani. Mama yake anataka kumpeleka kituoni, mimi nasema tungoje kidogo. Bibi wa Konde, Pemba

Bibi yetu, shikamoo. Kwa hilo la pumzi, mama wa mtoto ana haki. Mhesabuni mtoto sasa hivi. Awe ametulia, halii wala hanyonyi, na nguo ipandishwe hadi kifua na tumbo vionekane. Tazameni saa, mhesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika nzima. Msihesabu nusu dakika mkazidisha mara mbili: pumzi za mtoto mdogo hazina mwendo mmoja, hukimbia kisha zikatulia, na nusu dakika itawadanganya.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 ni 40. Wa chini ya miezi 2 ni 60. Huyo hesabuni mara ya pili, na zikirudi zile zile aende hospitali. Pumzi zikiwa za haraka, kituoni siku hiyo hiyo. Sehemu ya chini ya kifua ikizama ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hata haamshiki, msingoje kuche. Hospitali za Micheweni na Wete haziko mbali nanyi.

Asali msimpe kabisa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo katika utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka huota na kutoa sumu ya kupoozesha misuli. Akishatimiza mwaka hainyimwi, na kwa kikohozi cha usiku cha mtoto wa miaka 2 hadi 5, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala husaidia kweli. Mafuta ya makonyo ni makali kuliko watu wanavyodhani: huchoma ngozi laini, na mtoto akiyameza huweza kuharibu ini na kumtia degedege. Samli puani ndiyo inayotutisha zaidi. Mafuta huteremka mapafuni, hayatoki kwa kukohoa, na yenyewe huzaa nimonia ambayo dawa ya bakteria haiiondoi. Na ikiwa nyumbani kuna mvuje, ule utomvu wenye harufu kali, usinyweshwe mtoto mchanga. Umewahi kusababisha damu ya mtoto ishindwe kubeba oksijeni.

Kituoni akionekana ana nimonia ya kutibiwa nyumbani, kwa kawaida hupewa amoksilini ya kuyeyusha. Mwenye kilo 4 hadi chini ya 10 hupewa kidonge 1 cha miligramu 250 asubuhi na 1 jioni, kwa siku 5. Huyeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Kosa tunalolijua sana ni kuacha siku ya pili homa ikishashuka, vidonge vilivyobaki vikawekwa kabatini kwa mtoto mwengine.

Kitunguu saumu, karafuu na habasoda vimeonekana maabara kuwa vinaua bakteria. Basi kwa nini visitibu nimonia? Msomaji, Nungwi

Vinaua, ni kweli, lakini ndani ya kisahani cha maabara ambamo dawa imemiminwa juu ya bakteria. Bakteria wa nimonia hawako tumboni mwa mgonjwa, wako ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu vilivyojaa majimaji na usaha. Dawa inayomezwa lazima ifyonzwe, ipite kwenye ini bila kuvunjwa yote, ifike huko, na ibaki kwa kiwango cha kutosha kwa saa nyingi. Kiini kikali cha kitunguu saumu, alisini, hutokea kinapopondwa, huharibika kikipikwa, na hata kikiliwa kibichi hakionekani katika damu. Yujenoli ya karafuu nayo hubadilishwa na ini upesi sana. Amoksilini imepimwa katika kila hatua hiyo, ndiyo maana dozi yake inajulikana.

Hatusemi mmea hauwezi kuwa dawa. Artemisini ya malaria ilitoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliona kuwa joto la kuchemsha lilikuwa linaiharibu, akaitoa kwa etha, kimiminika kisichohitaji joto kubwa. Kazi ilikuwa hapo: kupata kiini, kukipima na kujua kiasi.

Mtu mzima mwenye kikohozi cha mafua aponde tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, aichemshe katika vikombe 2 vya maji kwa dakika 10, iache kuwa moto sana ndipo atie asali. Koo litapata nafuu. Ila akiwa na homa ya kutetemeka, kichomi, makohozi ya rangi ya kutu au pumzi 30 kwa dakika, hiyo si ya tangawizi. Mzee huweza asipate homa kabisa, akaanza tu kuchanganyikiwa. Huyo pia apelekwe. Na watoto msiwafukize: sufuria ya maji ya moto chini ya shuka ikipinduka, huungua vibaya.

Mtoto akikohoa sana akatwe kimeo? Baba wa Makunduchi

Hapana. Kimeo hakileti kikohozi. Kukikata huleta kutoka damu, pepopunda na usaha wa koo, na nimonia huendelea chini kwa chini huku watu wakingoja kidonda kipone.

Ami yangu ana miezi 2 kwenye dozi ya kifua kikuu na kikohozi kimekwisha. Mganga amempa mizizi ya kusafisha mapafu, akasema vidonge vinaua ini, aviache. Msomaji, Mkoani

Asiviache. Bakteria wanaozaana kwa kasi hufa mwanzo, ndiyo maana kikohozi kimetulia. Waliobaki wanazaana polepole, na kwao ndiyo matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha 4 ya rifampisini na isoniazidi. Akikatisha, ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu.

Kuhusu ini, mganga amegusa jambo la kweli. Dawa hizi huweza kuliumiza, basi ami ajue dalili: macho ya manjano, kutapika, kukosa hamu ya kula, maumivu ya tumbo juu kulia, mkojo mweusi. Akiziona asinywe dozi inayofuata, aende kliniki siku hiyo hiyo. Mkojo wa rangi ya chungwa si dalili, ni rangi ya rifampisini. Akichanganya na mizizi isiyopimwa, ini likiumia daktari hatajua kilichomuumiza, na huenda akalazimika kusimamisha vyote. Achukue mizizi hiyo amwoneshe muuguzi.

Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi naye nao wapelekwe kupimwa, hata kama hawakohoi. Wasiougua huweza kupewa dawa ya kinga.