Nipo Tabata, mpangaji yupo Leicester: karatasi za dipoziti nampaje?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mi nilikaa Uingereza miaka mingi nikifanya unesi, sasa nimerudi nyumbani Tabata ila kaflati kangu ka Leicester nimekapangisha. Mwezi huu kaingia kijana mwanafunzi, mjomba wake ndo kalipa dipoziti, nikaisajili kwenye skimu ya kutunza dipoziti kama sheria ya kule inavyotaka, cheti nikakipiga picha nikamrushia kijana WhatsApp. Sasa rafiki yangu ananitisha eti lazima nimkabidhi karatasi mkononi, la sivyo napigwa hela nyingi. Nifanyeje? – Mama wa Tabata

JIBU: Shikamoo mama. Kwenye hela rafiki yako kasema kweli, kwenye mkononi ndo kakosea. Sheria ya Nyumba ya 2004, ile inayotumika England, inasema mpangaji apewe taarifa za dipoziti ndani ya siku 30, haijasema lazima apewe uso kwa uso. Na hizo siku 30 zinahesabiwa tangu siku hela ilipopokelewa, siyo siku ya funguo wala siku ya mkataba, kwa hiyo fungua meseji za benki uangalie tarehe sasa hivi. Zikipita, mpangaji anaweza kwenda mahakamani na ukaamriwa umlipe kuanzia dipoziti nzima mara 1 mpaka mara 3, hata kama hela yake ipo salama kabisa kwenye skimu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile picha. Cheti peke yake mara nyingi hakitoshi mama, kinachotakiwa ni taarifa kamili: kiasi cha dipoziti, anwani ya flati, majina na mawasiliano yako na ya mpangaji, kipengele cha mkataba kinachosema lini unaruhusiwa kukata hela, mkigombana inakuwaje, na kile kipeperushi cha skimu yenyewe. Alafu unasaini kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na kijana anapewa nafasi ya kusoma na kusaini. Asiposaini siyo kosa lako, mradi nafasi alipewa.

Sa hivi zitume zote kwa imeili, kila karatasi iwe PDF iliyoambatanishwa, usimtumie linki ya kipeperushi ukasema atafungua mwenyewe, na angalia mkataba wenu kama umeandika kwamba mnakubaliana kupeana notisi kwa imeili. Kama haujaandika, mwombe mtu wako unayemwamini kule aprinti, atume kwa posta ya kawaida kwenye ile flati, achukue kile kikaratasi cha uthibitisho wa kutuma, kaunta ya posta wanakitoa bure. Watu wanapenda ile ya kusainiwa mlangoni wakidhani ndo salama, kumbe kijana akiwa darasani au akikataa kusaini bahasha inarudi na siku zinazidi kwenda. Kuposti kutoka Dar sikushauri, muda huo huna.

Nakusisitizia haya kwa sababu yamenikuta hapahapa mjini. Nilipopanga Sinza dipoziti ya mwezi mmoja niliandikiwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kiasi na sahihi basi, haikusema ni hela ya nini. Siku natoka mwenye nyumba akaigeuzageuza ile karatasi akasema hii ni kodi ya mwezi wa kwanza, nikaenda mpaka serikali ya mtaa, mjumbe akaisoma, akanirudishia, hakuwa na cha kushika. Huku kwetu hatuna skimu za kutunza dipoziti kama za kule, karatasi ndo kila kitu, na yangu ilikuwa tupu.

Kuna mtu mmoja hujamgusa kabisa mama, naye ni mjomba. Kule aliyelipa dipoziti kwa niaba ya mpangaji naye anatakiwa apewe taarifa zilezile ndani ya siku zilezile, na jina na mawasiliano yake yawemo kwenye hizo karatasi, hili wenye nyumba wengi wanalisahau kwa sababu hakai pale. Kwa hiyo leo jioni mpigie kijana umwombe imeili ya mjomba wake, jaza jina lake, tuma kwa wote wawili, waombe wakujibu tu "nimepata", na hayo majibu uyaprinti uyaweke kwenye faili moja na mkataba.